Shilingi Tano za Kuamka

Ukiuza sukari, bei unaijua. Umeinunua kwa kiasi fulani, umeibeba, umeweka chako juu, basi. Ukiuza sweta, kuna uzi, kuna mashine, kuna mgongo unaouma jioni. Lakini apu ya simu? Haina kilo, haina debe, haiozi, haimwagiki. Umwuzie mtu mmoja au uwauzie Nairobi nzima, ghalani hakujapungua kitu. Sasa bei yake unaitoa wapi, kama si kuitunga kichwani? Swali hilo lilimsumbua Shiundu wa mtaa wa Mbotela karibu miaka miwili. Jibu alilolipata, Mungu amsamehe, ndilo lililomsimamisha Alhamisi moja asubuhi mbele ya mlango wa shangazi yake kule Njiru, mkono umeinuliwa, anaogopa kubisha.

Huyo shangazi, au senje kama Waluhya wasemavyo, ni Senje Kageha, na kwa Shiundu hakuwa shangazi tu. Wazazi wake walipofariki yeye angali wa kubebwa, Senje ndiye aliyemchukua akamlea pale Mbotela katika nyumba ya chumba kimoja, wao wawili na mashine ya kufuma sweta za shule. Mashine ndiyo iliyokuwa na nafasi kubwa zaidi, wao walijibanza. Kwa hizo sweta Shiundu alisoma, akavaa viatu, akala. Alipokua akafungua kibanda cha kutengeneza simu karibu na Jogoo Road, na mteja mmoja alipoacha kompyuta yake asirudi kuichukua, Shiundu akajifundisha humo kuandika programu, usiku kwa mchana, bila mwalimu.

Senje alizeeka, kifua kikakataa moshi wa mjini. Akahamia Njiru, vyumba viwili kwenye ploti iliyo ndani kidogo ya Kangundo Road, karibu na kanisa lake. Shiundu alimsihi wakae pamoja, wapi! Alisema amepikia mume, amelea mtoto wa kaka yake, na sasa anataka kusikiliza redio yake mwenyewe bila mtu wa kumwambia aipunguze. Basi kila asubuhi kabla ya kufungua kibanda Shiundu alimpigia. Asiposhika mara ya kwanza, mpwa mtu alikaa na simu mkononi mpaka Senje ashike mara ya pili na kumgombeza kwamba hata chooni sasa haruhusiwi kwenda kwa amani.

Apu yenyewe ilizaliwa na kifo. Pale Mbotela kulikuwa na fundi viatu, Mzee Omolo, aliyeishi peke yake mwisho wa laini ya nyumba. Mlango wake ulifungwa, ukabaki umefungwa, mpaka wanawake wakaanza kuanika ndoo zao kwenye kizingiti chake. Kila mtu alidhani mwenzake amemwona. Aliyeona moshi jioni alidhani ni wa mzee, kumbe ulikuwa wa nyumba ya nyuma. Siku harufu ilipoanza kusema, Shiundu alikuwa mmoja wa waliousukuma ule mlango, na alichokiona ndani hakumsimulia mtu yeyote, hata Senje. Ila tangu siku hiyo hakupita mlango uliofungwa bila kujiuliza aliye ndani ameamka au hakuamka.

Akaiita Ameamka. Ilikuwa rahisi, hata mtoto angeielewa. Mzazi ana kabambe yake, ile simu ndogo ya vitufe, mtoto wake aliye mbali ana simu kubwa. Asubuhi mzazi anabonyeza nambari kutuma ishara, na kwenye simu ya mtoto inawaka taa ya kijani na neno moja, Ameamka. Ishara isipofika mpaka saa mbili, kompyuta ya Shiundu inapiga simu yenyewe kwa majirani wawili waliotajwa, iwaambie waende wakabishe. Senje alikuwa wa kwanza kusajiliwa. Jirani wake wa kwanza alikuwa Kawsar, mama wa Kisomali mwenye duka la vitambaa langoni mwa ploti, na wa pili mlinzi.

Sasa bei. Ah, hapo ndipo shetani alipovuta kiti.

Mwanzo aliitoa bure. Watu waliipakua kwa furaha, wakamsifu, wakaisahau kabla ya wiki kwisha. Wazee hawakubonyeza, watoto hawakufungua, na majirani walipopigiwa simu mara tatu bure, mara ya nne hawakushika. Cha bure, watu wa Eastlands hukipokea kwa mikono miwili na kukiweka chini ya kitanda. Kisha akatazama apu za wenzake zinauzwaje, akaona wote wanadai kwa mwezi, naye akadai mia na hamsini kwa mwezi. Kimya. Mia na hamsini ni unga, jamani, nani ataitoa asubuhi ya leo kwa ajili ya asubuhi ambazo bado hazijafika?

Alikuwa na rafiki, Kim, kijana mwenye maneno mengi aliyemsaidia kutafuta wateja. Kim alitaka wapandishe bei badala ya kushusha. Alisema apu haina thamani yake yenyewe, thamani ni woga wa anayenunua. Mtoto aliye mbali hanunui uhai wa mama yake, ananunua usingizi wake mwenyewe, na usingizi wa mtu aliyemwacha mama peke yake ni ghali. Shiundu aliona maneno hayo machafu. Aliona pia kwamba ni kweli, na hilo ndilo lililomuudhi.

Jibu alilipata kwenye duka la Jacky, pale kwenye kona. Alikuwa amekaa kwenye kreti akinywa soda na kutazama watu wakinunua. Mafuta ya kupikia ya kumi. Majani chai ya tano. Sabuni ya kipande. Hakuna aliyenunua mwezi, kila mtu alinunua leo. Shiundu akaiacha soda katikati. Shilingi tano, kila asubuhi! Bei ya kadogo, kama kila kitu kingine mtaani. Meseji na umeme wa kompyuta vilimgharimu kama shilingi mbili kwa kila mzazi, tatu zingebaki. Na kwa nini amwombe mama abonyeze, halafu amwombe tena alipe? Alipe tu. Shilingi tano zikiingia, basi ameamka.

"Maiti hailipi," alimwambia Kim, na Kim akacheka mpaka akashika ukuta, akasema hayo wayachape kwenye fulana.

Bei ile ilishika kama moto wa nyasi. Wazee waliipenda kwa sababu walihisi wamenunua kitu. Watoto waliwatumia wazazi hela za wiki, na wazee wakazitoa tano tano kila asubuhi kwa heshima, kama sadaka. Senje mwenyewe alisema siku akilipa zile tano anajiona ameajiriwa kazi ya kuwa hai. Kengele zililia, ndiyo. Huyu amelala kupita kiasi, yule ameishiwa hela, mwingine amesahau simu kanisani. Majirani walikimbia, wakabisha, wakatukanwa kwa kuamsha watu, wakarudi wakicheka. Mara mbili walimkuta mtu sakafuni, akapelekwa hospitali akapona. Siku hizo Shiundu alitembea Mbotela kichwa juu.

Lakini binadamu hawatosheki. Watoto wakaanza kulalamika. Hizi tano tano zinatusumbua, mama anazitumia kwa sukari, kengele inalia bure, tunaaibika kwa majirani. Tupe bei ya mwezi, tulipe sisi, tusahau. Kim alilirukia hilo kama paka kwa samaki. Mteja akitaka kulipa mapema, alisema, humkatazi, unampunguzia kidogo na kumshukuru. Pasaka ilikuwa karibu, watu wangeenda kuona wazazi wao na kurudi na huruma mifukoni. Wakatoa kifurushi cha mwezi kwa mia moja na ishirini, na Shiundu akakiandika kwa haraka, kwa siku mbili.

Na haraka haraka, tunajua, haina baraka. Hela ya mwezi ilikaa ndani ya mfumo, na kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu kompyuta ilimega shilingi za siku hiyo na kuzipitisha. Ilizipitisha mlango gani? Ule ule wa zamani. Na kwenye mlango ule kompyuta ilikuwa imefundishwa jambo moja tu, kwamba hela ikiingia, mwenyewe ameamka. Wazee wa kifurushi walitakiwa wabonyeze nambari asubuhi, na Shiundu alipomlipia Senje kifurushi na kukijaribu kwake, kila kitu kilikwenda sawa, kwa sababu Senje alibonyeza kila siku bila kukosa. Taa iliwaka. Hakuna aliyejiuliza imewashwa na nani.

Kuanzia hapo kengele zilinyamaza. Wiki ya kwanza hakuna hata moja, ya pili hakuna. Shiundu akifungua kompyuta asubuhi aliona safu nzima ya majina, kijani juu mpaka chini, wote wameamka, wote kwa dakika ile ile. Kim akatengeneza bango kwamba tangu waanze kifurushi, wazazi wote wa Ameamka wanaamka salama. Watu wakaja kwa wingi. Wee, ni nani humwuliza Mungu kwa nini hakuna aliyekufa? Shiundu alifurahi, akalala vizuri, akanunua meza mpya ya kibandani. Na ile simu ya kila asubuhi kwa Senje, polepole, akaiacha. Ya nini? Taa ilikuwa ikiwaka kabla hata hajapiga mswaki.

Alhamisi hiyo alikuwa akichemsha chai alipopigiwa simu na Teresiah, mwenyekiti wa akina mama wa kanisa la Senje. Baada ya salamu ndefu Teresiah akauliza kama dada yao Kageha amesafiri, maana jana hakuja kwenye kikundi, na simu yake haipatikani tangu juzi. Shiundu alitabasamu. Akamwambia asiwe na wasiwasi, Senje ameamka saa hii hii, ameona kwenye simu.

Alipokata, akapiga. Sauti ya yule mwanamke wa mtandao ikamwambia kwamba mteja hapatikani kwa sasa. Akapiga tena, ikawa vile vile. Akafungua apu. Taa ya kijani. Senje Kageha, Ameamka.

Alikaa akiitazama ile taa, na chai ikafurika jikoni bila yeye kuisikia. Simu iliyozimika hailipi. Simu iliyozimika haibonyezi. Basi nani aliyemwambia kwamba ameamka? Kwa muda kidogo, na hili alimwambia Kim baadaye kwa aibu, aliamini kwamba ni Senje kweli, kwamba kuna mahali alipo ambapo anaamka kila asubuhi na kulipa. Akageuza macho dirishani kana kwamba ataona mtu.

Kisha akafungua kompyuta, akatafuta mara ya mwisho simu yenyewe ya Senje iliposema neno lolote. Ilikuwa Jumapili. Jumatatu, kimya. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, kimya. Na kando ya kila siku ya kimya, hela imepita mlangoni na taa imewaka. Akapandisha safu, akatazama majina mengine, yote ya kijani, akaogopa kuyafungua.

Njiani kwenda Njiru hakukumbuka kitu. Alikumbuka tu kufika ploti na kuona mambo yalivyo sawasawa. Nguo zimeanikwa, tangi la maji linatona, paka wa mlinzi amejilaza juani. Taa ya mlangoni kwa Senje ilikuwa inawaka mchana. Pazia limefungwa. Ndani hakukuwa na sauti yoyote, na ukimya huo ndio uliomshinda, kwa sababu katika nyumba ya Senje Kageha hakujawahi kukosa redio. Hapo ndipo aliposimama na mkono juu. Alijua kwamba mpaka abishe, taa bado ni ya kijani.

Akabisha. Akaita Senje, akaita tena, kwanza kwa sauti ya mtu mzima, halafu kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu utotoni. Komeo lilikuwa limefungwa kwa ndani. Mlinzi akamwita fundi wa kuchomelea aliyekuwa barabarani, na mlango ukakatwa.

Senje alikuwa sakafuni kati ya kitanda na meza, mguu mmoja umekunjika vibaya, amefunikwa na blanketi aliyoivuta mwenyewe kutoka kitandani. Kabambe ilikuwa mezani, juu, asikoweza kufikia, imeisha chaji. Redio ya betri ilikuwa pale chini, karibu na uso wake. Hiyo aliweza kuifikia. Kitufe cha sauti kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho, na betri zilikuwa zimekufa.

Shiundu alipiga magoti akamshika mkono, ulikuwa baridi kama chuma cha asubuhi. Alilia bila kujificha, na mlinzi akatoa kofia akatoka nje. Baadaye daktari angesema kwamba hakufa Jumatatu. Alianguka Jumatatu, nyonga ikavunjika, na aliishi mpaka Jumanne usiku au Jumatano alfajiri, akafa kwa kiu zaidi kuliko kwa maumivu. Lakini hata kabla ya daktari Shiundu alikwisha kulijua hilo, kwa ile redio.

Kawsar alikuwa amesimama mlangoni, ushungi ameubana mdomoni. Hakuingia mpaka walipomfunika marehemu uso. Kisha akaketi kando ya Shiundu, ambaye sasa alikuwa ametoka kukaa kizingitini.

"Niliisikia," alisema. "Jumatatu yote na Jumanne, redio iko juu, juu sana. Nikamwambia mume wangu, leo mama ana furaha. Usiku bado iko juu. Nikasema hapana, hii si kawaida, nikavaa viatu."

Shiundu akamwuliza kwa nini hakuja.

"Kabla ya hiyo kitu yenu, ndugu yangu, nilikuwa nabisha hapa kila asubuhi nikienda kufungua duka. Hakuna mtu aliniambia nibishe. Halafu mkaandika jina langu, mkasema kukiwa na shida simu italia. Nikajua sasa kuna watu wanalipwa kuangalia. Nikaweka simu karibu na kichwa, nikangoja. Haikulia. Nikavua viatu."

Hakusema kwa lawama. Angelaumu ingekuwa afadhali. Aliinuka akaenda kuleta maji na kanga safi, kwa sababu kulikuwa na kazi ya kufanya na hakukuwa na mwanamke mwingine pale.

Shiundu alibaki kizingitini. Akawaza ile safu ya majina. Watu mia mbili na zaidi, wa Mbotela, wa Njiru, wa Kariobangi, wa mashambani, kila mmoja nyuma ya mlango wake, na kila mmoja, mtoto wake ameambiwa kwamba ameamka. Hakujua hata mmoja kati yao kama yu hai. Alimpigia Kim akamwambia azime kifurushi sasa hivi, akakata kabla Kim hajauliza sababu. Kisha akaandika meseji moja ya kwenda kwa watoto wote waliolipa mwezi. Taa ya kijani ni ya uongo, aliandika. Hatujui kama mzazi wako ameamka leo, wala jana. Kosa ni letu, hela yako tutarudisha. Tafadhali acha unachofanya uende ukabishe, au umwombe jirani abishe sasa.

Aliituma. Nyuma yake Kawsar alikuwa akifukiza udi ndani ya chumba, kwa dini yake yeye na kwa mapenzi yake, na moshi ukapita juu ya bega la Shiundu ukatoka uani. Simu ikatikisika mkononi. Jibu la kwanza. Lilitoka kwa mtu wa mtaa wa Baba Dogo, msimamizi wa kiwanda, ambaye mama yake alikaa umbali wa kutembea tu kutoka kazini kwake.

"Mimi nimelipa mwezi mzima," aliandika. "Sasa kwa nini niende mimi?"

Shiundu akalisoma, akalisoma tena. Wiki zote hizi na yeye alikuwa akiwaza vivyo hivyo.